Sinema Ikiisha, Mazungumzo Yaanze

NDUGU msomaji, Jumapili jioni, baada ya chakula, familia nyingi za mjini hukusanyika mbele ya televisheni. Picha huanza, watu hucheka, huguna na hulia. Ikiisha, mtu hubonyeza kidude na kuleta nyingine. Je, umepata kujiuliza ni kitu gani kinachobaki sebuleni humo baada ya picha kuzimwa?

Zamani mambo hayakuwa hivi. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo, mkazi wa Dar es Salaam aliyependa sinema alikata tiketi Avalon au Empress, kisha akarudi nyumbani na wenzake wakibishana njia nzima juu ya waliyoyaona. Mabishano hayo yalikuwa nusu ya sinema yenyewe. Kwa maoni yangu, ubora wa picha haupimwi kwa machozi inayoyatoa, bali kwa mazungumzo inayoyaacha nyumbani.

Mathalani, tuitazame michezo mingi ya kuigiza inayohusu wajane. Mume hufa, mama mkwe humshutumu mkewe kwa uchawi, mashemeji hubeba vyombo. Mwisho wake, shemeji mwovu hupatwa na wazimu au hugongwa na gari. Mtazamaji hulala ameridhika, kwa kuwa malipo yamekwisha kutolewa. Hakuambiwa kwamba ziko mahakama, wala hakuulizwa kama naye amepata kubeba chombo cha mjane.

Sisemi kwamba hatuna picha nzuri. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, yatuonyesha Zanzibar ya miaka ya 1950 na binti wa Kihindi, Yasmin, aliyeozwa mume mzee. Mzazi mwenye binti hawezi kuitazama kisha akakosa la kusema.

Lakini picha iliyonigusa kuliko zote ni *Neria*, iliyotengenezwa Zimbabwe na kuongozwa na Godwin Mawuru. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki katika ajali, na nduguye, Phineas, anaanza kutwaa mali kwa jina la mila. Neria halii tu. Anatafuta ushauri, na hatimaye anakwenda mahakamani. Uzuri wa picha hii ni kwamba haiitukani mila. Yatukumbusha kuwa mila ilimtaka shemeji amlinde mjane, nayo tamaa ndiyo iliyoigeuza kuwa wizi.

Niliitazama pamoja na mama yangu mzazi. Phineas alipoanza kuhamisha vitu, mama aliniambia nipunguze sauti.

"Kile cherehani," akasema, "kilikuwa cha wifi yangu."

Nilikifahamu cherehani hicho. Nilikua nikikiona nyumbani kwetu, na sare zangu za shule zilishonwa nacho. Sikujua kwamba mjomba alipofariki, ndugu zake walikichukua kabla ya arobaini, nacho kikamwangukia mama katika mgawo. Mkewe mjomba alikuwa amekinunua kwa fedha za maandazi.

"Hakusema kitu," mama aliendelea, "nasi hatukumwuliza."

Nilikuwa nimezoea kumwona Phineas kama mtu wa nyumba nyingine. Usiku ule nilitambua kwamba sare zangu zilitoka mikononi mwake. Wiki iliyofuata mama alipanda basi kwenda kwa wifi yake. Cherehani kilikuwa kimekwisha kuharibika miaka mingi, kwa hiyo alikwenda na nusu ya bei ya kipya, na maneno ya kuomba radhi. Aliporudi hakusimulia mengi. Alisema tu kwamba walilia, kisha wakapika pamoja.

Jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilikuwa la talaka, si la mirathi. Hata hivyo lilitufunza kwamba jasho la jikoni nalo ni jasho.

Basi, ndugu msomaji, Jumapili hii chagua picha moja tu. Ikiisha, zima televisheni, uwaulize walio karibu nawe maswali matatu: Nani ameumizwa? Nani amefaidika? Nani aliona akanyamaza? Waache na watoto wajibu. Swali la tatu ndilo gumu, kwani huenda mwenye jibu ni wewe mwenyewe uliyeliuliza.