Taka za Kielektroniki: Faida Mtaani, Gharama Kituoni

Anayefikiria kuwekeza katika kituo cha kukusanya kompyuta na televisheni mbovu ajue kwanza kwamba mali nzuri haifiki kituoni. Nairobi, kama ilivyo Dar es Salaam, mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mlangoni, hulipa taslimu na kuondoka na shaba, alumini na bodi za saketi. Kituo huletewa masalio: plastiki, na hasa televisheni za chogo, ambazo vioo vyake vina madini ya risasi. Vioo hivyo havina soko. Kuviondoa kwa usalama ni gharama tupu.

Hata bodi zikipatikana, fedha haziji upesi. Dhahabu na shaba iliyomo hutolewa na viwanda vichache vikubwa vya kuyeyusha, kama cha Umicore kilichoko Hoboken, Ubelgiji. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unadai kibali cha nchi inayopokea na zile za njiani kwa taka zote za kielektroniki. Kontena hujazwa kidogo kidogo, kisha hungoja karatasi. Mtaji umelala, na huku bei ya shaba London yaweza kushuka.

Mwaka 2024 Kenya ilitoa kanuni za kuwabebesha watengenezaji na waagizaji gharama za bidhaa zao zikishakuwa taka. Hapo ndipo pa kutazama. Kabla ya kutia fedha, uliza nani atalipia vioo. Atakayeingia bila mkataba wa ada hiyo atategemea bodi, na bodi zimeshapita na mkokoteni.