MBUNGE WETU ANAFANYA NINI HUKO DODOMA? (Vijana wa Kasulu na Kibondo, hii inawahusu)

 

Leo nataka tuelewane jambo moja ambalo vijiweni tunabishania kila siku. Mbunge akishaapishwa, kazi yake hasa ni ipi? Maana ukikaa na bodaboda Kasulu, au ukizunguka sokoni Kibondo, utasikia vipimo viwili tu. Cha kwanza ni "jamaa anatoa", yaani jezi, mipira na michango ya misiba. Cha pili ni "jamaa anaongea", yaani akisimama Bungeni anawaka. Mimi nasema vyote viwili havitoshi, na ndo maana kila uchaguzi tunadanganywa kirahisi.

MBUNGE HANA HELA YA LAMI

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inasema Bunge ndilo chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia na kushauri, jamani, sio kujenga! Halafu kuna ibara ya 99. Hiyo inasema mambo ya kodi na matumizi ya fedha za Serikali lazima yaanzie Serikalini. Mbunge wa kawaida hawezi kuamka na muswada wake kwamba zitolewe bilioni kadhaa ziende Kibondo.

Hela anayoigusa kwa karibu ni ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Yeye ndo mwenyekiti wa kamati yake. Ila hiyo ni ya mabati, madawati na vitu kama hivyo. Haitoshi lami.

Sasa mgombea akisimama Makere au Mabamba akasema "nitawaletea barabara", muulize: utailetaje? Akishindwa kujibu ujue hajui kazi anayoiomba. Anayejua atakutajia silaha zake, nazo ni hizi.

SILAHA YA KWANZA: SWALI

Kikao cha Bunge kinaanza saa 3 asubuhi kwa dua, na muda si mrefu yanafuata maswali. Mbunge anakuwa ameshapeleka swali lake kwa maandishi mapema. Waziri au naibu wake anajibu, kisha mwuliza swali anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndo pa kumpimia mbunge, manake jibu la kwanza limeandikwa na wataalamu wa wizara, ila la nyongeza waziri analijibu palepale.

Sikiliza maneno anayotumia. Mbunge akiuliza "Serikali ina mpango gani", atajibiwa kwamba upembuzi yakinifu unaendelea na kazi itafanyika kadri fedha zitakavyopatikana. Biashara imeisha, kaeni. Akiuliza "ni lini", akataja kipande, kilomita na mwaka wa fedha, waziri anabanwa. Akitaja mwaka, jibu linaingia kwenye Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa Bungeni. Mwaka ukipita kimya, mbunge anarudi na karatasi ileile.

Na lazima ajue wa kumuuliza. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Za vijijini na mitaani, tangu 2017, ziko TARURA, chini ya TAMISEMI. Barabara ya kijijini kwenu ukiipeleka kwa Waziri wa Ujenzi umepoteza swali.

Chukueni barabara yetu ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi. Wazazi wetu wamekula vumbi lake miaka chungu nzima. Imeulizwa na wabunge wa CCM na wa upinzani, Bunge baada ya Bunge, mpaka vipande vikaanza kupata fedha kimoja kimoja. Kile cha Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260, kilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo mtu mmoja asije akajipiga kifua kwamba kaileta peke yake!

SILAHA YA PILI: SHILINGI

Hii wengi wanaisikia redioni hawaielewi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge linajadili bajeti, wizara moja baada ya nyingine. Wabunge wengi huanza na "naunga mkono hoja", halafu ndo wanalalamika. Ukishaunga mkono, waziri ana wasiwasi gani tena?

Mwenye akili anasubiri Kamati ya Matumizi, pale mafungu yanapopitishwa. Likifika fungu la mshahara wa waziri anasimama na kusema: nisipopata maelezo ya kutosha, natoa shilingi. Shilingi moja kweli! Sio kwamba waziri atalala njaa. Ni njia ya kumlazimisha aeleze jambo hilo moja, na wabunge wengine wakiunga mkono linajadiliwa na kuamuliwa. Mara nyingi shilingi inarudishwa, ila ahadi inakuwa imeshapatikana mbele ya Bunge zima.

Ndo maana jimbo likikosa mbunge wakati wa bajeti ni hasara. Mwaka 2021 Muhambwe, yaani Kibondo, ilifiwa na mbunge wake Atashasta Nditiye mwezi Februari. Buhigwe nayo ikabaki wazi Dk. Philip Mpango alipokuwa Makamu wa Rais mwishoni mwa Machi. Uchaguzi mdogo ukafanyika Mei 16. Bajeti ilikuwa imeshaanza kujadiliwa, na majimbo mawili hayana mtu wa kutoa shilingi.

SILAHA YA TATU: HOJA BINAFSI

Hapa mkoa wetu una historia. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipeleka hoja Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hoja ikakataliwa, na yeye akasimamishwa hadi Januari 2008. Kwa hesabu za kura alishindwa. Lakini Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Bomani kupitia sekta ya madini na Zitto akawekwa ndani yake, na mwaka 2010 ikapatikana sheria mpya ya madini.

Mwaka 2014 David Kafulila wa Kigoma Kusini alilisimamia suala la akaunti ya Tegeta Escrow. Hakuishia kupayuka. Suala lilipita kwa CAG, likafika Kamati ya Hesabu za Serikali, kisha Bunge zima likapitisha maazimio Novemba mwaka huo. Kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Nishati walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi ameondolewa.

KWA NINI WENGINE WANAKAA KIMYA?

Tusiwaonee pia. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Kafulila huyohuyo alivuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, ikabidi akimbilie mahakamani kuunusuru ubunge. Na Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, ibara ya 90 inampa Rais nguvu ya kulivunja. Sasa nani atapiga kura ya kurudi nyumbani?

Ila kuuliza swali hakumfukuzishi mtu chama. Kutoa shilingi hakuvunji Bunge. Kwa hiyo kisingizio hicho kina mpaka.

TUFANYE NINI?

Ukilipia saa moja ya intaneti, chukua dakika 15 uingie tovuti ya Bunge. Hansard zipo, bure, kwa Kiswahili. Tafuta jina la mbunge wako ujiulize: ameuliza nini kuhusu jimbo? Ameuliza "ni lini" au "mpango gani"? Alijibiwa nini, na alirudi kufuatilia? Andika pembeni, au piga chapa uipeleke kijiweni. Akija kwenye mkutano wa hadhara usimwombe jezi. Msomee tarehe na jibu la waziri, umuulize lilifikia wapi.

Jezi itachanika kabla ligi ya kata haijaisha. Jibu la waziri lililoandikwa linabaki, na anayekuja baada yake anaweza kuanzia hapohapo.

Naomba kutoa hoja. Wa kuunga mkono na wa kupinga, uwanja wa maoni uko hapo chini. Matusi hapana!