Kolwezi: Kitenge cha mwenzako kisivunje likelemba

Kila mwaka tarehe 8 Machi inapokaribia, wamama wa Manika na Dilala, komini mbili za mji wa Kolwezi, wanapeleka vitenge kwa fundi cherehani kwa ajili ya Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Sare inakusudiwa kuwaonyesha wote kuwa sawa. Lakini macho yanapima: huyu amevaa super-wax ya Uholanzi, yule wax ya China.

Kupimana si tabia ya wanawake peke yao. Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alieleza kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi anajilinganisha na wenzake, hasa wanaofanana naye. Ndiyo maana muuza unga hasumbuliwi sana na mke wa bosi wa kampuni. Anayemsumbua ni jirani wanayepanga naye mabeseni sokoni.

Lualaba ina sababu yake pia. Wengi wanaamini mwanamke akiingia shimoni madini yanapotea. Basi wamama wanabaki kuosha mawe, kuyapepeta na kuuza chakula karibu na machimbo. Wako wengi, kazi ni chache, na mwenzako anaonekana kama mpinzani.

Simu imeongeza moto. Picha za sherehe za watu zinaingia kila asubuhi, zimechaguliwa na kupambwa. Betri za simu nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Kwa hiyo jiwe lililooshwa na mama wa hapa linaweza kumrudia likiwa picha inayomwambia hajafika popote.

Hasara inaonekana kwenye likelemba. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na zamu yake ikifika anapokea zote: kwa shule ya watoto, dawa au mtaji. Hakuna dhamana isipokuwa uaminifu. Anayemaliza zamu yake kwa kitenge ili asichekwe, kisha akashindwa kuchanga, anamwachia mwenzake deni. Matusi yanafuata, na kundi linavunjika.

Dawa iko mikononi mwa wamama wenyewe. Kundi likubaliane sare ambayo mwenye uwezo mdogo kuliko wote anaweza kuilipa, hata kama ni kitambaa cha kichwa tu. Na kila mama ajipime na mwaka wake wa jana: alikuwa na beseni moja la unga, leo anayo mawili? Hapo amesonga mbele, jirani avae nini.