Mtoto akishapasuliwa moyo, kliniki haijaisha

Hapa Pwani mtoto akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa moyo, husomwa dua, hupikwa pilau, na karatasi za hospitali hutiwa kabatini. Amepona. Shida huanzia kwenye neno hilo.

Chukua maradhi yaitwayo tetraloji ya Fallot. Mtoto huzaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba. Midomo na kucha huwa za buluu, na akicheza kidogo huchuchumaa. Si uvivu, akichuchumaa hupata nafuu. Mwaka 1954, huko Minnesota, Marekani, Dkt. C. Walton Lillehei aliongoza upasuaji wa kwanza wa kuziba tundu hilo na kupanua njia. Leo wengi waliopasuliwa hufika utu uzima, wakaoa na kuolewa.

Lakini njia ikishapanuliwa, mara nyingi vali yake huvuja. Kwa miaka mingi upande wa kulia wa moyo hutanuka polepole bila mwenyewe kuhisi kitu, kisha mapigo huanza kwenda mrama. Kipimo cha eko huonyesha mapema, na vali mpya yaweza kuwekwa kwa wakati. Ukingoja hadi miguu ivimbe, huenda umechelewa.

Kwa hivyo kijana wa miaka 25 asiyeumwa popote bado ana daktari wa moyo wa kumwona. Binti naye amwone kabla ya kushika mimba, si ikiwa ya miezi saba. Na zile karatasi zisipotee. Daktari mgeni ataziulizia kwanza.