Kutotajwa Jina si Kutojulikana

Tovuti za tathmini ya waajiri, ambazo mfano wake mashuhuri ni Glassdoor ya Marekani iliyoanza kutumiwa na umma mwaka 2008, humwezesha mfanyakazi kueleza mshahara, mazingira ya kazi na mwenendo wa wakubwa wake bila jina lake kuonekana. Hata hivyo, kutotajwa jina si sawa na kutojulikana, kwa kuwa utambulisho unaofichwa kwa wasomaji unaweza kubaki mikononi mwa mwenye tovuti, ambaye huwa na baruapepe ya aliyejisajili na pengine anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao uliotumika kuingia kwenye intaneti.

Taarifa iliyohifadhiwa huweza kudaiwa. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ya Marekani iliitaka Glassdoor itii agizo la baraza la raia wanaochunguza jinai kabla ya mashtaka kufunguliwa, lililotaka taarifa za walioandika tathmini nane kuhusu kampuni iliyochunguzwa kwa tuhuma za ulaghai katika mkataba wa serikali, ingawa walioandika walihitajika kama mashahidi tu. Mwaka 2022, mahakama ya shirikisho iliyoko California iliamuru pia watoa tathmini watambulishwe ili kampuni ya vitu vya kuchezea ya New Zealand, Zuru, iweze kuwashtaki nchini humo kwa kashfa, yaani kuchafua jina la mtu au taasisi kwa maneno yasiyo ya kweli.

Hatari iliyo karibu zaidi imo katika maandishi yenyewe, kwa maana vidokezo ambavyo kimoja kimoja havina uzito humfichua mtu vinapokutana. Mwaka 2000, mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa msimbo wa posta, jinsi na tarehe ya kuzaliwa pekee. Vivyo hivyo, anayejieleza kuwa mhasibu wa zamani wa tawi fulani, aliyeondoka baada ya miaka minne kwa mgogoro wa malipo ya saa za ziada, huwa amejificha kwa dunia nzima isipokuwa kwa meneja wake, ambaye pengine hakuwahi kuwa na wahasibu zaidi ya wawili.

Kwa hiyo, faragha ya mtoa tathmini hupimwa kwa wingi wa watu ambao maneno yale yale yangeweza kuwa yao: sentensi isemayo kuwa mishahara ya idara huchelewa ingeweza kuandikwa na yeyote kati ya wafanyakazi 40, ilhali ile inayotaja siku ambayo mshahara wa mtu mmoja ulikatwa ina mwandishi mmoja tu.