Hambaga: inajenga mwili ao inauharibisha?

Ku Butembo na ku Beni, hambaga haiko chakula cha kila siku. Inauzishwa mu restora za katikati ya muji, na vijana wanaikula siku ya feti ao wakati mutu amepata makuta. Juu bei yake iko kubwa, kuko wazazi wenye kufikiri kama lazima inaleta faida mingi ku mwili wa mutoto. Wengine wanasema ni sumu. Ili kujua ukweli, inaomba kuangalia ndani ya ule mukate kuko nini.

Kuko nyama ya ngombe yenye kusagwa, kitunguu, tomati, majani ya salade, mayonezi, na mara ingine fromaji. Nyama inaleta protini yenye kujenga mwili, madini ya chuma yenye kusaidia damu, na vitamini B12, ambayo mboga haina. Gramu 100 za nyama ya ngombe yenye kupikwa ziko na protini karibu gramu 25. Kwa mutoto, ao kwa mama wa mimba mwenye kupunguka damu, nyama kidogo ni musaada.

Shida inatokea sana ku vitu vyenye kufuatana na ile nyama. Hambaga ndogo, pasipo fromaji, iko na kalori karibu 250. Ukiongeza fromaji, mayonezi, sahani ya viazi vya kukaanga na chupa ya sukre, kalori zinaweza kupita 1000. Ile ni nusu ya kalori karibu 2000 zenye mutu mukubwa anahitaji kwa siku. Sukre ya santilitri 33 peke yake mara mingi iko na sukari karibu gramu 35, ni kusema vijiko vidogo 7. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mutu asipitishe gramu 50 kwa siku, na ni muzuri zaidi kubakia chini ya 25. Chumvi nayo isifike gramu 5, na hapa iko mu mukate, mu nyama, mu fromaji na mu mayonezi. Kula hivi mara moja moja hakuna neno. Kuzoea kila siku kunaongeza uzito, tansio na ugonjwa wa sukari, na tansio inaweza kukaa mu mwili miaka pasipo mutu kusikia maumivu.

Kuko hatari ingine yenye inapashwa kujulikana. Mu brosheti, mikrobe mara mingi inabakia juu ya nyama, na moto unaiua. Lakini wakati nyama inasagwa, mikrobe ya juu inaingia ndani. Mu mwaka wa 1993, huko Marekani, hambaga zenye kuiva nusu za restora Jack in the Box ziligonjesha watu kupita 700, na watoto 4 walikufa. Kwa hiyo nyama ya kusagwa inapashwa kuiva mpaka katikati, digri 71. Ukiipasua na kuona ingali mbichi, uirudishe ku moto. Fasi yenye kurant inakatika na frigo inazima, nyama isagwe siku ile ile na ipikwe mara moja. Mikono nayo inawe na sabuni: wakaaji wa Beni na Butembo walizoea ile desturi wakati wa Ebola, kuanzia 2018 mpaka 2020, na ingali na kazi ata leo.

Je, mutoto mwenye hakule hambaga anakosa kitu? Hapana. Protini iko mu maharagi, mu mayai, mu karanga na mu samaki wa Kyavinyonge. Maharagi iko tena na nyuzi zenye kusaidia tumbo, zenye nyama haina ata kidogo. Mafuta nyekundu ya mawese inaleta vitamini A, kama haikukaangwa mpaka kupoteza rangi. Sombe yenye kutwangwa na kupikwa muda murefu inaongeza protini na vitamini. Kipande cha chungwa ao cha papai kisha kula kinasaidia mwili kupata chuma ya maharagi. Chai nayo inaizuia, basi ingojee kidogo.

Ile ni maneno ya lazima kwa inchi yetu. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulionyesha kama mu Congo, watoto 43 ku 100 wenye hawajafikisha miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao, juu ya kukosa chakula chenye kujenga mwili. Makuta ya hambaga moja na sukre yake inaweza kununua maharagi na mayai ya jamaa muzima.

Mwenye kutamani hambaga aikule, yenye kuiva muzuri, na majani mingi, mayonezi kidogo, na maji safi pa fasi ya sukre. Mwenye tansio ao ugonjwa wa sukari aulize kwanza munganga wake.