Wazazi Mnaomlilia Mtoto

Ndugu msomaji, maneno haya yaandikwa hasa kwa ajili ya baba na mama waliozika mtoto. Kama msiba huo haujafika nyumbani mwako, mshukuru Mungu, lakini usigeuze ukurasa. Huenda jirani yako ameupata, na siku ya kwenda kumpa pole yafaa ujue la kusema na la kunyamazia. Wazee wetu walinena kweli kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

MTOTO WA MTU

Katika vijiji vyetu koo zisizo na kijana Kariakoo ni chache. Amalizapo shule hupanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko huuza nguo Mtaa wa Kongo, au husukuma mkokoteni Mtaa wa Msimbazi, au husimama dukani mwa mtu mpaka apate mtaji wake mwenyewe. Akipata kidogo hutuma nyumbani. Mama yake kijijini huyataja majina ya mitaa ile kama anayeijua, ijapokuwa hajafika.

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, saa za asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kufungua maduka, jengo la ghorofa nne liliporomoka hapo Kariakoo. Walikuwamo wenye maduka, wasaidizi wao na wanunuzi. Waokoaji walichimba usiku na mchana kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Wengine zaidi ya 20 walikufa. Magazeti yalitoa hesabu ya marehemu, lakini msiba hauhesabiki hivyo. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu, na kila jina lilikuwa na mlango wake wa kubishiwa hodi, mahali fulani katika nchi hii.

Miaka 11 kabla yake, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka vilevile. Waliokufa walizidi 30, na kati yao walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza kando yake, watoto wa ndugu zetu Waislamu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Si mbali na hapo lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, ambamo Wakristu hukusanyika alasiri ya siku hiyo kuubusu Msalaba. Machozi hayana dini. Mama Mwislamu aliyesimama mbele ya kifusi kile, na Mama Maria aliyesimama chini ya Msalaba, walikuwa na kilio kimoja.

“KAZI YA MUNGU HAINA MAKOSA”

Twalisikia neno hili katika kila msiba. Anayelisema hana nia mbaya, tena neno lenyewe lina ukweli wake. Lakini mama aliyetoka kumzika mtoto huweza kulisikia hivi: Mungu amemwua mtoto wangu, nami nimekatazwa kulia.

Hivyo sivyo Kanisa linavyofundisha. Kitabu cha Hekima chatueleza kwamba mauti hayakutoka mkononi mwa Mungu, wala yeye hapendezwi na kuangamia kwa walio hai. Nyumba huanguka kwa sababu watu wamejenga vibaya, au wamechimba pasipostahili, au aliyepaswa kukagua hakukagua. Baada ya msiba wa mwaka 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Kuuliza sababu si kukosa imani. Ni wajibu wetu kwa walio hai.

Hata vifo vya watoto wachanga, ambavyo zamani tulivipokea kama mvua na jua, vina sababu zake. Utafiti wa taifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Je, Mungu alibadilika katika miaka hiyo? La. Yalibadilika mambo mengine: chandarua, chanjo, kliniki, na mkunga aliyefundishwa. Basi tusimtwike Mungu mzigo usio wake.

USIMTAFUTE MCHAWI

Lakini tuulize katika mlango ulio wa haki. Wako wanaouliza kwa mganga. Matanga hayajaanuliwa, tayari shangazi mmoja amekwisha kunong’ona kwamba mtoto hakufa bure. Watu hutoa fedha, huambiwa jina, na jina hilo mara nyingi ni la bibi kizee asiye na wa kumtetea, au la mke mwenza, au la jirani aliyewahi kugombana nao juu ya mpaka wa shamba. Hapo msiba mmoja huzaa mwingine. Mtoto harudi, na ukoo umevunjika.

Mkristu aliyefiwa na asikubali kumzika mtoto wake pamoja na upendo wa jamaa. Akiletewa maneno ya namna hiyo ajibu kwa upole: “Mtoto wangu yuko mikononi mwa Mungu. Sitaki mtu ateswe kwa jina lake.”

BWANA YESU ALILIA

Fungua Injili, ndugu msomaji, uone jinsi Bwana wetu alivyowatendea wazazi waliofiwa. Alipokutana na mjane wa Naini akimsindikiza mwanawe wa pekee kaburini, hakumhubiria. Alimwonea huruma, akaligusa jeneza. Alipoingia nyumbani mwa Yairo na kumwinua binti yake wa miaka 12, alikumbuka hata njaa ya mtoto, akaagiza apewe chakula. Mbele ya kaburi la Lazaro, rafiki yake, alilia machozi, ijapokuwa alijua kwamba punde si punde angemfufua.

Zingatia jambo hilo la mwisho. Yeye aliyeshika mkononi uzima wa milele alilia. Basi nani atamwambia mama kwamba kulia ni kukosa imani? Na nani atamwambia baba kwamba mwanamume halii? Wako akina baba wengi ambao siku ya mazishi hushughulika na jeneza, turubai na daftari la rambirambi, kisha miezi mitatu baadaye huanza kunywa pombe bila kiasi. Machozi yaliyozuiliwa machoni hutafuta njia nyingine.

Tena tumkumbuke Bikira Maria. Hakufiwa na mtoto mchanga, bali na Mwana mtu mzima, mbele ya macho yake, kwa mikono ya watu. Mama wa kijana aliyefia Kariakoo na amwendee huyu akiwa na Rozari yake. Ikiwa maneno ya sala hayatoki, ashike tu punje zake. Maria ataelewa.

MTOTO MDOGO YUKO WAPI?

Hili ndilo swali ambalo akina mama humwuliza Padri kwa sauti ya chini. Jibu la Kanisa juu ya mtoto aliyebatizwa, akafa kabla ya kupata akili ya kupambanua mema na mabaya, ni wazi: yuko mbinguni. Ndiyo maana Padri huweza kuvaa mavazi meupe katika mazishi yake, wala hatumwombei kuondolewa dhambi, kwa kuwa hana dhambi. Twawaombea wazazi. Yeye ndiye anayeweza kutuombea sisi.

Na yule aliyekufa kabla ya kubatizwa, au aliyezaliwa amekwisha kufa? Zamani walimu wengi walisema habari za limbo, na akina mama wengi waliumia sana moyoni. Lakini fundisho hilo halikuwa kamwe sehemu ya imani tunayolazimika kuiungama. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, ambaye ataka watu wote waokoke. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, wataalamu wa taalimungu walitoa maandiko wakieleza kwamba tunazo sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Tena mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza aweza kuzikwa kwa ibada ya Kanisa, kwa ruhusa ya Askofu. Mwulize Padri wako au katekista. Usimzike kimya kimya nyuma ya nyumba kana kwamba hakuwa mtu.

Pamoja na hayo tusiuchelewe ubatizo. Mtoto akiwa hatarini, na Padri yuko mbali, mtu yeyote aweza kumbatiza: mkunga, nyanya, hata baba mwenyewe. Humwagia maji kichwani akisema maneno ya ubatizo, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akikusudia kutenda linalotendwa na Kanisa. Baadaye Padri apewe habari.

WALIOTUTANGULIA KATIKA NJIA HII

Wengi wenu mwampenda Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Je, mwawajua wazazi wake? Louis Martin alikuwa fundi wa saa na Zélie mkewe alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi, huko Alençon, nchi ya Ufaransa. Walizaa watoto tisa. Wanne walikufa wakiwa wadogo. Katika barua zake Zélie aeleza kwamba watu walimwambia ingekuwa heri asingewazaa kabisa watoto hao, naye hakuweza kuvumilia maneno hayo. Kwake furaha ya milele ya wanawe ilipita mateso yote aliyoyapata. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza mume na mke hao kuwa watakatifu, pamoja. Hawakuwa watakatifu kwa sababu hawakuumia. Waliumia sana, wakaendelea kupendana, kufanya kazi na kusali.

WEWE JIRANI, UFANYE NINI?

Siku za matanga nyumba hujaa. Mikeka hutandikwa, jumuiya huja kusali, chakula hupikwa. Hilo ni jema, nasi tulishike. Lakini baada ya arobaini mikeka hukunjwa, na hapo ndipo mama hubaki peke yake na nguo za mtoto. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nenda siku hiyo. Mchukulie kuni, au mpeleke kisimani, au keti tu naye.

Usimwambie, “Utazaa mwingine.” Mtoto si sufuria, kwamba likitoboka hununuliwa jingine. Usiogope kulitaja jina la marehemu. Mama hulisikia kila saa moyoni mwake, na hufurahi akilisikia kinywani mwa mtu mwingine. Ninyi mume na mke, msilaumiane. Kila mmoja hulia kwa namna yake na kwa muda wake. Salini pamoja jioni, hata kama ni Baba Yetu moja tu.

Mwezi wa Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, peleka jina la mwanao aliyekufa mtu mzima litajwe katika Misa. Lisafishe kaburi lake. Na ikiwa alizikwa mbali nawe, simama uani ukamwombee hapohapo, kwa maana sala haina nauli.

Imani haituahidi kwamba uchungu utakwisha upesi. Yatuahidi kwamba kaburi si mwisho, kwamba miili hii itafufuka, na kwamba Mungu ajua jina la kila mtoto ambaye dunia imekwisha kumsahau. Mfalme Daudi, mtoto wake alipokufa, aliinuka chini alipokuwa amelala, akaoga, akaenda kumwabudu Mungu, kisha akala chakula. Alijua kwamba mtoto hatamrudia, bali yeye mwenyewe siku moja atamwendea mtoto.

Basi nawe, mzazi uliyefiwa, lia. Kisha inuka, uoge, ule. Wapo watoto wengine wanaokungojea mezani, na yupo mmoja anayekungojea kwa Baba.